Jina la Aziza Kwenye Sistemu

Kaka yangu Soudi ana sistemu. Ukikutana naye njiani, kabla hujamaliza kuuliza habari za nyumbani atakuwa ameshakuambia kwamba katika Kindu nzima, tangu bandarini mpaka stesheni, hakuna mfanyabiashara mwingine wa chumvi, sukari na sabuni aliye nayo. Atakuambia kwamba kununua, kuuza, mishahara na mali iliyomo depo, vyote vimeingia ndani ya mashine moja vikakaa pamoja kwa adabu, na kwamba yeye anaweza kukaa chooni na simu yake na kujua depo limebakiwa na nini. Mimi ni Rehema, mdogo wake wa tumbo moja, nashona nguo kwenye baraza la depo hilo hilo, na ninathibitisha: siku hizi huko chooni ndiko anakokaa.

Lakini ninayetaka kusimulia habari zake si yeye. Ni mke wake, Aziza. Soudi tutakutana naye tu, maana ana tabia ya kupita mbele ya hadithi za watu.

Aziza aliolewa kwetu kabla ya vita, wakati depo lilikuwa kibanda cha udongo chenye mabati manne. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema bibi-arusi huyu ameletwa bila ulimi, na mimi niliamini hivyo mpaka vita vilipotuonyesha kwamba ulimi anao ila hautumii kwa upuuzi.

Vita vilipofunga njia, Soudi alikuwa Obokote, mbali msituni. Alikwenda kununua mpunga, na nyuma yake barabara zikajaa watu wenye bunduki. Kwa hilo simlaumu. Wengi walifungiwa walikokuwa. Ninachomlaumu ni jinsi anavyolisimulia leo, kana kwamba alikuwa anatuongoza kutoka msituni kwa ndoto. Alikaa kwa mkulima mmoja, akala wali wa watu, akarudi na mashavu. Sisi huku treni zilikufa, boti zikakoma, na ukienda shambani ng'ambo ya mji hukujua kama utarudi. Kulikuwa na siku tulipika majani bila mafuta wala karanga, na watoto waliyatema.

Ila chumvi ilikuwako. Boti la mwisho kutoka Ubundu lilikuwa limeleta shehena, na Aziza alibaki nayo peke yake. Aliona jambo ambalo wanaume wengi wa mji huu hawakuliona: depo ni moja, mlango ni mmoja, na mlango mmoja huvunjwa kwa teke moja. Basi akaanza kuibeba. Aliiweka ndani ya vikapu, juu akatandaza sombe, majani ya muhogo, akaenda nayo mtaa wa Mikelenge, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Hakuchagua jamaa wala Waislamu wenzake. Alichagua wenye majiko mazuri. Mama Odile, mkulima wa karanga, Mkristo wa kwenda kanisani kila asubuhi, alikuwa wa kwanza. Chumvi ilipandishwa darini mwa jiko, juu ya mafiga, ambako moshi huikausha na hakuna askari anayependa kuingiza kichwa chake.

Makubaliano yao hayakuandikwa popote. Anayelinda atachota ya chungu chake bila kuulizwa. Na vita vikiisha, kila shehena ya chumvi itakapofika, kopo la kwanza kutoka gunia la kwanza ni la wale walinzi, kila mmoja kopo lake, mpaka atakapokufa. Waliliita kopo la mafiga. Hakuna aliyesema asante wala aliyesubiri kuambiwa asante.

Askari walikuja kuitafuta. Walikuwa wamesikia kwamba mke wa Soudi ana chumvi, wakapita nyumba baada ya nyumba. Kwa Mama Odile walipiga kwa kitako cha bunduki, wakamvunja mkono wa kushoto, na chumvi iko juu ya vichwa vyao. Hakusema. Mkono ulipona vibaya, mpaka leo umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Mimi nikiuona mkono ule naona haya kwa niaba ya ukoo wetu wote, na nitawaambia sababu.

Soudi aliporudi, alikuta mtaji unamsubiri. Chumvi iliteremka kutoka kwenye madari ya Mikelenge, ikabadilishwa na mawese na mpunga, na ule ndio uliojenga depo la matofali lililoko karibu na stesheni. Ukutani akaandika jina lake kwa herufi za buluu, na chini yake akaongeza "na Wanawe," ingawa wanawe wako Kinshasa na hawajawahi kubeba hata kipande cha sabuni. Aziza hakupata hata herufi moja. Hakuiomba. Alishika ufunguo wa depo, na kila shehena ilipofika alifungua gunia la kwanza, na wale mama wakapita na mabakuli yao. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote hiyo, na chumvi haikuwahi kutupungukia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na marafiki wale walikuwa wa bei rahisi mno.

Halafu Soudi akaenda kwenye semina Kisangani.

Ilikuwa semina ya wafanyabiashara wadogo na wa kati. Wakubwa hawaendi semina. Wao wana watu wa kuwatuma. Walipewa mkoba, kofia na chakula cha mchana, na bibi mmoja aliyetumwa na kampuni inayouza sistemu aliwaambia kwamba biashara zao ni za giza. Soudi, aliyefanya biashara maisha yake yote bila kujua kwamba yuko gizani, alirudi amefadhaika kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa. Kabla mwezi haujaisha, paa la depo lilikuwa na mabamba ya jua, mezani kukakaa kompyuta, na kijana Célestin akafika kutoka kwenye kampuni ile, shati limechomekwa, viatu vinang'aa katika vumbi letu.

Célestin hakuwa mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kumtupia yeye lawama zote. Alikuwa mpole, alituamkia, na alikula alichopewa. Kazi yake ilikuwa kuifundisha sistemu desturi za depo letu, na akaanza na Aziza, mwenye ufunguo. Mimi nilikuwa palepale barazani na cherehani yangu, nikayasikia yote.

"Mama Aziza," akasema, "hii chumvi yenye kutoka mbele ya yote, kila mara mizigo inafika, iko ya kuuzisha?"

"Hapana."

"Basi iko kado."

"Kado njo kitu unapatia mutu, naye anasema aksanti. Bale bamama habasemi aksanti. Iko haki yabo."

"Imeharibika?"

"Chumvi inaharibika namna gani, mwanangu?"

Célestin akajikuna shingo. Mashine ilikuwa imempa milango mitano tu ya kutokea mali: kuuzwa, kurudishwa, kutolewa zawadi, kuharibika, na manko. Manko, kwa asiyejua lugha ya depo zetu, ni kile kinachopungua bila maelezo. Na aliyeandikiwa manko ni mwizi mpaka aonyeshe vingine. Mlango wa haki haukuwamo. Aliyetengeneza sistemu ile, huko kwao, bila shaka hajawahi kupewa kitu ambacho si zawadi wala mshahara. Célestin alimsihi Aziza akubali zawadi, yaishe. Aziza akasema hawezi kuita zawadi mkono wa mtu. Mashine ikakataa kwenda mbele bila jibu, kijana akabonyeza manko. Na kwa kuwa kila kinachotoka lazima kiwe na jina la aliyefungua mlango, akaandika Aziza.

Hapo bado hakuna aliyekosa sana. Kosa lilikuja Ijumaa moja, likiwa limevaa kanzu mpya.

Yule bibi wa kampuni alikuwa anakuja Kindu kumpiga Soudi picha. Kampuni ilitaka kutoa kalenda yenye biashara za mfano, na Soudi alikuwa amechaguliwa. Alialika ukoo mzima baada ya sala. Aziza alipika pilau na kuku tangu alfajiri. Televisheni ilitolewa chumbani ikaunganishwa na kompyuta, watu wakakaa kwenye mikeka kutazama magunia yetu yakigeuka kuwa mistari. Mistari yote ilikuwa ya kijani, isipokuwa mmoja.

"Ile ya mwekundu njo nini?" akauliza ami yetu Djamali, mkubwa wa ukoo, mdomo umejaa.

Soudi akasogea karibu, akasoma kwa sauti. "Manko. Chumvi. Aziza."

Angeweza kucheka. Angeweza kusema, hiyo ni kopo la mafiga, Célestin atairekebisha. Alijua vizuri kuliko sisi sote. Depo lake limesimama juu ya chumvi ile. Lakini yule bibi wa kampuni alikuwa ameinua macho kutoka kwenye sahani, akasema kwa Kifaransa kizuri kwamba amependezwa sana kuona biashara isiyoficha hata mambo ya nyumbani. Sifa ikamwingia kaka yangu kichwani. Akasimama, akakunja mikono kama alivyokusudia kuikunja kwenye picha.

"Sistemu haina ndugu," akasema. "Hata kama ni muke wangu, ikisema manko, iko manko."

Aziza alikuwa mlangoni na sinia. Nilimwona. Hakulitupa, hakulia. Alisimama tu akiwatazama watu mmoja mmoja, kama anayetafuta mahali pa kuliweka.

Mimi nilipayuka, nikimwita Yaya, kama tunavyowaita kaka wakubwa. "Yaya, unaijua ile kopo! Si njo ya bamama ba Mikelenge?"

"Rehema, nyamaza. Tuko na bageni."

Ami Djamali akanivuta kitenge nikae. Wengine wakatikisa vichwa, wakasema mashallah, hii mashine ni kali, na wakaongeza pilau. Pilau aliyoipika mwizi, mnielewe.

Wageni walipoondoka, ikabaki karatasi. Ili Soudi aingie kwenye kalenda, aliyeandikiwa manko alitakiwa kutia sahihi kwamba ameikubali. Soudi alimpelekea Aziza jikoni, na kalamu.

"Iko karatasi ya mashine tu," akamwambia. "Haina maana."

"Kama haina maana, mbona unaitaka?"

"Aziza, usifanye magumu."

"Mashine haikunioa. Weye njo ulinioa. Siweki sahihi ya kama niko mwizi. Ulisema mbele ya bantu. Urudie kusema ukweli mbele ya bantu."

Soudi aliona ni kiburi. Akamnyang'anya ufunguo, na Célestin akaagizwa kufunga neno lake la siri, ili mashine isimtambue tena. Na karatasi? Soudi alisaini mwenyewe kwa niaba ya mke wake. Kalenda ilitoka, yeye mbele ya depo, mikono imekunjwa. Ipo ukutani mpaka sasa, nzi wanaipenda.

Treni iliyofuata ilipoleta chumvi, mama wa Mikelenge walikuja na mabakuli yao kama kawaida. Wengine wamekwisha kufa, walibaki wachache, wazee. Soudi aliwapokea mlangoni na simu mkononi. Mama Odile alikuwa mbele.

"Mama, hauko kwenye sistemu," kaka yangu akamwambia.

"Niko wapi basi?"

Soudi akaangalia simu, kana kwamba jibu lingekuwemo. Kisha akaingia ndani. Mama Odile alisubiri kidogo, akageuza bakuli juu chini ili vumbi lisiingie, akaondoka na wenzake. Nilitamani kumrushia kaka yangu mkasi.

Aziza alikaa nyumbani. Alipika, alifua, alimjibu Soudi salamu. Lakini aliacha kwenda harusini na matangani, kwa sababu maneno yalikuwa yametoka nje. Siku moja bombani mwanamke mmoja alisogeza ndoo yake alipomwona anakuja. Kitu kidogo tu, ndoo kusogezwa. Aliponisimulia, nikaapa nitamtafuta mwanamke yule. Aziza akanikataza. Alitaka jambo moja: lililosemwa mbele ya watu likanushwe mbele ya watu. Kila alipomkumbusha, Soudi alijibu kwamba watu wamesahau.

Ndipo miji ya mashariki ikaanguka mikononi mwa waasi. Goma, halafu Bukavu. Kindu ikajaa uvumi: wanakuja kwa barabara, hapana, wanakuja kwa msitu, askari wanaokimbia wamepora mahali fulani, hapana, mahali pengine. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wenye maduka wakaanza kufunga mapema. Depo la Soudi lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na mwenyewe alikuwa amewaonyesha watu wote, kwenye simu, jinsi lilivyojaa. Wakati wa vita askari walitupiga ili tuseme chumvi iko wapi. Yeye alikuwa akiitangaza bila kupigwa.

Hofu ilimkumbusha alichokisahau. Akakodi gari, akapakia magunia, akaniambia twende Mikelenge. Nilikwenda, si kwa kumsaidia. Nilitaka kuona uso wake.

Mama Odile alikuwa anamenya karanga. Alimsikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa heshima.

"Baba Soudi," akasema, "miye sikulinda chumvi yako hata siku moja. Nililinda ya Aziza. Yeye iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Basi kama yeye atakuja, tutapandisha. Asipokuja, hapana."

Tukarudi. Garini Soudi alimpigia Célestin simu, akimwamuru afute lile jina. Kijana akajibu kwa adabu kwamba miezi ile imekwisha kufungwa, na katika sistemu kilichofungwa hakifutiki. Kinachowezekana ni kuandika masahihisho chini yake, kwa jina la mwingine atakayeibeba manko. Kaka yangu alifikiri sana. Alitaja jina la mlinzi wa depo. Nikamwambia nitaruka garini nikapige kelele sokoni. Mwishowe akaagiza liandikwe jina lake mwenyewe. Akafika nyumbani akimnyooshea Aziza simu.

"Angalia! Nimesahihisha. Jina lako limetoka."

Aziza hakuitazama. "Bantu balisikia kwa masikio," akasema. "Hiyo simu inasema na masikio ya nani?"

Nje dereva alikuwa anapiga honi, anataka kwenda kuficha vitu vyake mwenyewe. Ndipo Soudi, kwa kuogopa kupoteza chumvi na wala si kwa kingine, akatuma watu wakaite ukoo. Wakaja mbiombio, wengine wakidhani kuna msiba. Safari hii hakukuwa na pilau. Walikaa kwenye mikeka ileile, na kaka yangu akasimama, mikono haijui iende wapi.

"Ile siku ya televisheni," akasema. "Ile manko. Aziza hakuiba. Ilikuwa kopo ya mafiga ya bamama ba Mikelenge. Miye nilijua. Aziza hajaniibia hata siku moja."

Neno lilimtoka kama mwiba wa samaki, lakini lilitoka. Na kwa muda mfupi nilimpenda kaka yangu, nakiri.

Ami Djamali akacheka, akapunga mkono. "Eh, Soudi! Njo hiyo unatuitia mbio? Hiyo tulijua kitambo. Nani hapa hajui kopo ya mafiga? Miye mwenyewe nilikula ile chumvi wakati ya vita."

Wote wakacheka kwa nafuu. Soudi akaangaza uso, akamgeukia mke wake. "Unasikia, Aziza? Hakuna hata mumoja aliamini!"

Aziza alikuwa amesimama mlangoni palepale.

"Bote mulijua?" akauliza.

"Bote," akasema Ami Djamali.

"Na siku ile pia mulijua?"

Kicheko kikapungua. Mmoja akasema naam.

"Basi siku ile, mbona mulinyamaza?"

Ami Djamali akaanza kutafuta ndara zake. Mtu mmoja alisema kulikuwa na wageni. Mwingine akasema nyumba ya mtu haiingiliwi. Aziza alimsikiliza kila mmoja mpaka akamaliza, kwa upole uleule aliotumia kumjibu Célestin. Aliwashukuru kwa kuja. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kibegi na msala wake, akapanda mbele ya gari, karibu na dereva, akamwambia Mikelenge.

Chumvi ilipandishwa darini siku ile ile, nyumba kwa nyumba. Wale waliotangazwa hawakufika Kindu. Hofu ilipotulia, magunia yalianza kurudi depo, moja moja, na hakuna lililoguswa zaidi ya haki ya mlinzi. Soudi sasa amemlipa Célestin aongeze mlango wa sita kwenye sistemu, na anawaeleza wageni kwamba wazo lilikuwa lake. Chumvi yote imerudi. Aziza hajarudi. Anaishi kwa Mama Odile, wanalima karanga pamoja.

Kaka yangu hamfuati. Anasema anamwachia muda, hasira zimwishe. Nilipokwenda Mikelenge kumpelekea gauni nililomshonea, nilimwambia hivyo.

"Wifi, Yaya anangoja hasira yako iishe."

Alikuwa amelishika gauni juu, analitazama mishono.

"Hasira iliisha siku ile bale bantu balisema balijua," akasema. "Njo maana nilitoka."